Wanapiga Deki Tu

9 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu nimechoka nayo. Kila nikigusa habari za kiwanda unaniambia mtandao unasumbua, kisha kimya. Haya, barua haina mtandao. Isome mpaka chini.

Kwanza ya nyumbani. Mama hajambo kwa kinywa, goti ndilo halimtaki. Kutoka chumbani hadi barazani anashika ukuta, akishafika anakaa pale kama mwenye mtaa, na kila apitaye lazima asalimie. Wiki iliyopita amegombana na jirani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, wakapatana, wakagombana tena. Anauliza wajukuu wake wanakula vizuri, maana kwenye ile picha anasema yule mdogo shingo imekonda. Wifi mwambie gauni limemtosha, ila amekataa kulivaa mpaka apate safari ya maana.

Sasa lililonikalisha kitako. Fundi Spana yuko hospitali. Yule yule fundi bomba aliyekupokea ulipoanza kazi hapa, aliyekuwa akikuita "Bwana Mdogo" mpaka siku ulipohamishiwa makao makuu.

Juzi Jumanne, baada ya chakula cha mchana, king'ora cha gesi kililia. Tulikuwa wengi katika chumba cha kuongozea mitambo. Unajua tulifanya nini? Tulicheka. Mmoja akasema, "Wanapiga deki tu," mwingine akaongeza sauti ya redio. Meneja akaingia, akabonyeza kitufe, king'ora kikanyamaza. Fundi Spana wakati huo alikuwa amepiga magoti nyuma ya tangi la pili, mbele ya valvu ambayo gasketi yake, ule mpira wa kuzibia, imechoka siku nyingi. Nilipotoka kumtafuta nilimkuta anatambaa kuufuata mlango, macho yamejaa maji, kifua kinapiga filimbi. Daktari anasema ataishi. Kama atapanda ngazi tena bila kupumzika katikati, hilo hakulisema.

Hili la deki lilianza baada yako kuondoka, kwa hiyo nikueleze. Sakafu ya ukumbi wa matangi inapigwa deki kwa dawa ile ile ya kusafishia maji tunayoitengeneza, maana ni ya bure, na kiwanda gani cha dawa kitakwenda kununua sabuni dukani? Ikimwagwa, vile vitambuzi vya gesi vya ukutani, tunavyoviita pua, vinanusa klorini na king'ora kinalia. Mwanzoni watu walitoka mbio. Baadaye wakawa wanatoka kwa kutembea. Baadaye wakaacha kutoka. Mwisho Mama Deki, yule dada wa usafi, akaambiwa awe anazivika pua mifuko ya nailoni kabla ya kumwaga maji, azivue akimaliza. Huzivua akikumbuka. Siku ile pua zote zilikuwa zimevaa mifuko isipokuwa moja, na hiyo moja ilipolia hakuna aliyeiamini.

Juu ya yote kuna ile amri ya makao makuu iliyobandikwa ukutani: king'ora kikilia kinyamazishwe kwanza, meneja aulizwe, ndipo watu watoke akiona inafaa. Kaka, nani aliitoa amri ile? Wewe ndiye mkuu wa uzalishaji huko. Nijibu hilo tu.

Mimi ni msimamizi wa zamu na mtambo nimeuzima. Siuwashi mpaka gasketi ibadilishwe, deki ipigwe kwa sabuni kama nyumba za watu, na karatasi ile ing'olewe ukutani. Gesi hii ni nzito, wewe unajua kuliko mimi. Haipandi juu kama moshi, inatambaa chini, na nyumba zetu ziko bondeni.

Mdogo wako.

28 Februari

Mdogo wangu Kichwa Ngumu,

Marahaba. Barua ilichelewa kufika, au mimi nilichelewa kuifungua, hesabu vyovyote upendavyo. Sisi hatujambo. Wifi yako amefurahi kusikia habari za gauni. Mkubwa amekuwa wa tatu darasani na sasa hatukai naye kwa maringo. Mdogo shingo yake ni nzima kabisa, mwambie mama ni picha ndiyo mbaya.

Habari ya Fundi Spana imeniuma. Nimemtumia salamu na matunda kupitia kwa meneja.

Sasa wewe. Kiwanda si jikoni kwetu, kwamba ukikasirika unafunika chungu unatoka. Mambo haya yana ngazi zake. Ulitakiwa umwambie meneja, meneja aniambie mimi, nami nijue pa kulipeleka. Wewe umeruka ngazi zote ukaenda kuzima mtambo. Hapa wananiuliza, "Yule mwanamke ni ndugu yako?" Nijibu nini? Tena kuna miji inasubiri dawa ya maji kutoka kwetu. Watu wakinywa maji machafu watakufa bila king'ora chochote kulia. Hilo umelifikiria, au unaona wewe peke yako ndiye mwenye huruma katika ukoo huu?

Valvu imekaguliwa. Iko salama. Gasketi mpya zimeagizwa na zitafuata. Mtambo utawashwa Jumatatu ya tarehe ishirini Machi, na nakuomba kama kaka yako usimame pembeni uwaache wenzako wafanye kazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nusura nisahau. Ndani ya bahasha kuna tiketi ya basi ya mama. Nimempatia daktari mzuri wa magoti huku, naye ana nafasi mwezi huu tu. Aondoke Ijumaa ya tarehe kumi na saba, mimi mwenyewe nitampokea stendi. Akae nasi, apumzike, hata miezi miwili. Usimcheleweshe tafadhali. Ijumaa hiyo, si nyingine.

Kaka yako.

8 Machi

Kaka,

Shikamoo. Matunda ya Fundi Spana yamefika, ameyagawa wodini kwa sababu yeye hawezi kumeza vizuri. Ameuliza, "Bwana Mdogo mwenyewe hajambo?" Nikamwambia hajambo, ana ngazi.

Mama alipoisikia habari ya tiketi alifurahi kupita kiasi. Gauni la wifi lilitoka kabatini. Alifunga mzigo, akaufungua, akaufunga tena, akanituma nimtafutie zawadi za wajukuu, akaanza kumtangazia kila apitaye njiani kwamba mwanawe amemwita. Mimi pia nilifurahi, mjinga mimi. Miaka mingapi tunakuomba huyo daktari wa magoti?

Kisha Mama Deki akapita kuaga. Akakaa pale barazani, akasema bila ubaya wowote, "Una bahati, mama. Wewe unaondoka Ijumaa, sisi Jumatatu wanauwasha."

Mama alingoja mpaka Mama Deki akaaga, akaenda. Halafu akaniita, akasema, "Fungua huo mzigo." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Fungua, nguo zinajikunja."

Basi nami ndipo nikaona. Kaka! Tangu lini goti la mama likawa na haraka? Unaniandikia kwa mkono wako valvu iko salama, na kwa mkono huo huo unamtoa mama bondeni kabla ya Jumatatu. Barua moja, bahasha moja. Huna hata aibu ya kuziweka mbalimbali?

Nikuulize sasa, na hili nalo usilikalie kama ulivyolikalia lile la kwanza. Mke wa Fundi Spana tiketi yake iko wapi? Na watoto wa Mama Deki? Na yule jirani wa kamba, ambaye mama hampendi lakini hata yeye ana mapafu? Umenunua tiketi moja. Nimeikung'uta bahasha, hakuna nyingine.

Kuhusu dawa ya maji, hapo umesema kweli, na ndiyo maana nakuambia ulete gasketi haraka. Nani kasema tusifanye kazi? Nataka kufanya kazi mpaka nizeeke. Nataka mtambo uwashwe na watu warudi nyumbani na vifua walivyotoka navyo. Hiyo siyo huruma, ni kazi yenyewe.

Unakumbuka jiko la mkaa? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba halilali ndani ya nyumba. Hata mvua ikinyesha ulilitoa nje, mama akikufokea kwamba unapoteza moto, ukasema, "Bora baridi, mama, kesho tuamke." Hukumtoa mama ukaacha jiko ndani na sisi tumelala. Ulitoa jiko.

Mama haondoki. Haya hapa ni maneno yake, anasema nami naandika:

"Mwanangu, nakushukuru kwa tiketi. Umesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu limekwisha vunjika zamani, sasa nisikie la nani? Mimi nimezeeka na watu hawa. Nikiondoka Ijumaa nikawaacha, Jumatatu nitakula nini huko kwako kikashuka? Nitakuja kutembea siku ambayo si ya kukimbia. Wajukuu wangu wabusu. Na huyo mdogo mpe maziwa, picha haidanganyi."

Tiketi nakurudishia.

Mdogo wako.

3 Aprili

Mdogo wangu,

Wote wazima. Hapa mvua.

Usinifundishe kumpenda mama yangu. Unafikiri ni rahisi kukaa hapa nilipokaa? Unapiga kelele ukiwa chini, mimi niko katikati, natafunwa na pande zote mbili.

Kuwasha mtambo kumeahirishwa kwa sababu za kiufundi. Usione kama umeshinda. Meneja amepewa ruhusa ya kumtumia msimamizi mwingine, na wewe utapata barua ya onyo. Sikuweza kuizuia. Ukiendelea hivi itafuata ya kukufukuza, na hiyo nayo sitaizuia.

Tiketi nimeipata. Sina zaidi.

Kaka yako.

16 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imekuwa fupi kama salamu za mtu anayekimbilia basi, lakini nimeisoma mara nyingi kuliko ile ndefu. Hukuandika kwamba valvu iko salama. Nimetafuta neno hilo, halipo. Ahsante kwa kutolirudia.

Mama hajambo. Wamepatana na jirani, safari hii kwa dhati, maana wamepata adui mmoja. Kila jioni wanakaa barazani wanamsema meneja, na kamba ya nguo sasa wanaanika wote. Fundi Spana ametoka hospitali. Anatembea mpaka kwenye kona, anashika nguzo ya umeme, anarudi. Akiulizwa hali anasema, "Naidai pumzi." Anacheka, kisha anakohoa, kisha mkewe anageuza uso tusione machozi yake.

Barua ya onyo imefika. Nimeibandika kando ya kabati langu la nguo za kazi, juu ya kioo, ili kila nikijifunga kilemba niisome. Wamekosea hata cheo changu.

Sasa sikia la huyo msimamizi mwingine. Ni yule tunayemwita Mpole, ambaye tangu nimjue hajawahi kuinua sauti hata akikanyagwa. Meneja alimwita mbele yetu sote, akamwambia, "Wewe ni mtu mzima, una akili. Washa mtambo." Mpole akasema, "Sawa, bosi." Nikadhani yamekwisha, kaka, nakuambia kweli. Kumbe hakwenda kwenye vitufe. Aliingia ofisini kwa meneja, akatoka na kile kiti chake cha magurudumu, akakisukuma kupita ukumbi mzima mpaka nyuma ya tangi la pili, akakiweka pale pale alipopigia magoti Fundi Spana. Akakifuta vumbi. Akasema, "Karibu ukae, bosi. Ukishakaa nawasha."

Hakuna aliyecheka. Meneja alikitazama kiti, akatutazama sisi, akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga. Kiti kiko pale mpaka leo. Tumekubaliana, zamu zote: anayetaka mtambo uwashwe kabla ya gasketi, na akae. Hatujampiga mtu, hatujavunja kitu, kila asubuhi tunafika kazini kwa wakati. Mama Deki naye amekwenda dukani akanunua sabuni ya unga, akaivua mifuko ya pua zote mbele ya meneja, akaichoma. Akamwambia, "Mimi niliambiwa nizivike, nikavika. Sasa nani ananiambia tena?" Hakujibiwa. Naona mmeambukizana huko.

Sasa mwaliko. Kwako wewe kiti cha nyuma ya tangi ni kidogo, nakuwekea kingine: barazani kwa mama. Siku ya kuwasha mtambo njoo ukae pale, unywe chai. Na usije peke yako. Kama ni salama kama ulivyosema Februari, njoo na wifi na wanao. Mkubwa acheze hapo mbele, mdogo akae mapajani kwa bibi yake amkague shingo. Mimi nitakuwa ndani nimeshika vitufe, nikijua nyinyi nyote mko bondeni.

Niandikie siku mtakayofika na watoto, nami siku hiyo nitawasha, hata kwa gasketi hii hii mbovu. Naapa. Andika tu.

Mdogo wako.

14 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba ya ile barua niliyoipokea bila kuiitikia.

Wifi yako anakusalimu. Watoto hawajambo.

Nilikaa mezani kukujibu. Nikaandika, "Tutafika tarehe." Nikasimama hapo. Wifi yako akapita nyuma yangu, akasoma barua yako iliyokuwa pembeni, yote, maana ulijua ataisoma. Akaniuliza, "Tutafika tarehe ngapi?" Sikuwa na tarehe, mdogo wangu. Kalenda yote ina siku na mimi sikuwa na siku ya kuwaleta wanangu pale. Akaniambia, "Basi umeshajua," akaenda kulala.

Asubuhi yake nilipanda ghorofa ya juu kwa wakubwa. Nikawaambia mtambo ule hauwashwi. Wakaniuliza ni dada yangu anasema au ni mimi. Nikasema ni mimi. Wakanieleza habari za wateja, nikawaambia nazijua, mimi ndiye niliyezoea kuzieleza. Mmoja akanikumbusha kwamba kuna nafasi inatoka mwezi wa saba na jina langu lilikuwa linatajwa. Nikamwambia aache kulitaja. Usidhani nilisema kwa ushujaa, nilisema huku natazama mlango.

Gasketi zimepakiwa kwenye lori, na pua mpya, na mabomba ya kunyunyizia maji kuzunguka matangi. Ile amri ya ukutani imefutwa. Ing'oe wewe mwenyewe. Uliniuliza mara ya kwanza nani aliitoa, na hukuniuliza tena kwa maneno, lakini naisikia katika kila barua. Sahihi iliyo chini yake unaijua, umeiona tangu ukiwa unanikopia daftari za shule. Tusiseme zaidi.

Mtambo utawashwa ukisema wewe uko tayari. Niandikie siku. Nitakuja kukaa barazani. Peke yangu kwanza, niruhusu hilo.

Kaka yako.

28 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Uliondoka na basi la alfajiri kama mwizi wa kuku, hatukuongea vizuri, na mama analalamika hakukufungia kitu cha njiani. Kwa hiyo nakuandikia, ujue yaliyotokea upande wangu siku ile, maana wewe ulikuwa barazani na mimi mtamboni.

Jumatatu asubuhi niliwaambia watu wote kabla hatujagusa kitufe: kikilia, tunatoka, hakuna kuuliza. Tunapanda juu mpaka kiwanja cha shule, tunahesabiana, ndipo maswali. Meneja alikuwepo. Akasema, "Na kama ni king'ora tu, hakuna kitu?" Mpole akamjibu, "Tutakuwa tumenyoosha miguu, bosi."

Nikawasha. Mtambo uliunguruma vizuri, jamani, nilikuwa nimeukumbuka. Gasketi mpya ya tangi la pili ilishika kama ilivyotakiwa. Nikaanza kupumua. Na ndipo kikalia. Siyo tangi la pili, ni kiungio cha bomba la gesi kule mwisho, hakikukazwa sawasawa. Pua mpya iliinusa kabla sisi hatujasikia harufu yoyote. Nilipiga kitufe cha kuzima kila kitu, nikafungua maji ya kunyunyizia, nikageuka kuwafukuza watu. Hapakuwa na wa kumfukuza. Wote walikuwa mlangoni wanatoka. Redio ilikuwa inaimba peke yake. Mama Deki aliiweka chini ndoo yake ya sabuni akatoka nao, na katika watu wote wale, kaka, hakuna hata mmoja aliyesema wanapiga deki.

Nilipofika juu nikawa nahesabu watu wa zamu huku macho yangu yako njiani. Nikaona mtaa mzima unapanda. Jirani wa kamba amembeba mtoto wa mtu. Mke wa Fundi Spana na vijana wawili wamemkalisha mzee kwenye kiti, wanampandisha na kiti chake. Nikawatafuta nyinyi, siwaoni. Goti la mama lilinijia kichwani na nikaanza kurudi chini mbio, Mpole akanishika mkono akasema, "Hapana. Amri yako mwenyewe." Nilitaka kumng'ata.

Ndipo nikakuona. Mkuu wa uzalishaji, shati limetoka nje ya suruali, mama mgongoni, kiatu kimoja hana, gauni la wifi limepanda mpaka magotini. Unahema kuliko Fundi Spana. Na mama anakufokea njia nzima, "Taratibu, baba, mimi si gunia!" Ulimshusha kwenye nyasi, ukakaa kando yake, ukageuka kutazama zile nyumba kule bondeni. Nilikuwa na maneno yangu nimeyaweka akiba tangu Februari, makali, ya kukutosha. Nikaona hayana kazi tena. Nikaenda kukuletea maji.

Gesi iliyotoka ilikuwa kidogo, na maji yaliimaliza kabla haijavuka ukuta wa kiwanda. Hakuna aliyekohoa. Kiungio kimekazwa, mtambo umewashwa tena Jumatano, na malori ya dawa ya maji yanatoka. Ile karatasi ya ukutani nilikwisha ing'oa. Palipokuwa pamebandikwa pamebaki alama nyeupe, na vijana wameandika kwa chaki: KIKILIA TUNATOKA. Meneja amesema ifutwe. Inafutwa jioni, asubuhi ipo. Simjui anayeandika, na sitaki kumjua.

Mama anawasimulia watu habari ya kubebwa kila siku, na kila siku mlima unarefuka. Kiatu chake hakijaonekana. Akikaguliwa goti huko kwako atakuja na viatu vipya, anasema ununue wewe. Tiketi ichukue ya siku yoyote, hana haraka. Fundi Spana anakusalimu, amesema, "Bwana Mdogo bado ana mgongo." Amekuwa akifika mpaka kona ya pili sasa.

Nimesikia kutoka kwa dereva wa lori kwamba ile nafasi ya mwezi wa saba amepewa mwingine, na kwamba meza yako imehamishiwa ukumbini karibu na mlango. Hukuniambia. Sawa, hata hilo unaweza kulikalia. Lakini nakuambia hivi, kaka: kaa kwenye meza hiyo na ukae wima. Usiinamishe kichwa kwa mtu yeyote wa ghorofa ya juu. Mimi na mama tunajivunia wewe, na mama hata kwa adui zake anasema.

Mimi nami nimeletewa onyo la pili, kwa kusimamisha mtambo siku ile ile ulipowashwa. Nimelibandika chini ya lile la kwanza, kioo bado kina nafasi. Meneja ameniambia la tatu ndilo la kunitoa. Nikamwambia mlango wa kutokea naujua, sote tunaujua. Ndio ule ule tuliotokea Jumatatu, na yeye alikuwa wa mbele.

Wasalimie wote. Mdogo apewe maziwa.

Mdogo wako,
Kichwa Ngumu.